Sisimizi wa Nyuma ya Zizi

Siku sisimizi walipotoweka kwenye mkojo wa Baba, Mama alichinja kuku. Tulikula tukicheka, na hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tunasherehekea kufa kwa figo zake.

Kipimo chetu cha sukari kilikuwa sisimizi hao. Nyumbani kwetu Nyambureti kulinuka samadi mbichi na shubiri iliyochemka, harufu chungu iliyoingia hadi kwenye ugali wa mtama. Hospitali ilishampa Baba vidonge vya kisukari, lakini vilimvuruga tumbo, akaviacha. Mama akachimba shubiri pori mlimani, akaichemsha mpaka maji yakawa meusi, na Baba akawa anakunywa kikombe asubuhi na jioni. Tumbo lilitulia kweli. Kazi yangu, msichana wa miaka tisa, ilikuwa kwenda kila asubuhi nyuma ya zizi, pale alipokojoa, kuangalia sisimizi. Wakiwa wengi, sukari iko juu. Nikirudi, Baba aliuliza, "Wageni wangu wamefika?" Nikisema wamejaa, alisema basi wapikiwe chai, sukari wanayo.

Kiangazi kile walipungua, kisha hawakuja kabisa. Baba naye akajaa uso, miguu ikanona, na majirani wakampongeza Mama kwa kumtunza mume. Niliona pia kwamba pale chini palikuwa pakavu karibu kila siku. Sikusema. Nilikuwa nimetumwa kuangalia sisimizi tu.

Alipoanza kutapika na kukosa pumzi, tulimpeleka hospitali ya Mugumu. Daktari alimsikiliza Mama mpaka mwisho, kisha akamwambia taratibu, "Sisimizi hawakuondoka kwa sababu amepona, mama. Figo hazichuji tena, sukari inabaki kwenye damu." Tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Leo naishi Bomani, mjini Tarime, nami nina kisukari. Nina mashine inayosoma sukari kwa tone la damu. Mwaka jana mtafiti kijana alifika kwa Mama kuomba shubiri ile. Alieleza kwamba mmea huo una kemikali wanazozichunguza, kama zinaweza kulinda figo na utumbo wa mwenye kisukari. Mama aliuliza swali moja: "Kwa hiyo nilimtibu au nilimuua?" Kijana akasema inategemea kiasi, sehemu ya mmea na namna ya kuchemsha; bado hawajui. Akabeba mizizi kwenye mfuko, akaondoka.

Mwezi uliopita mkojo wangu ulikutwa na protini, dalili kwamba figo zimeanza kuharibika. Mama amenitumia chupa ya shubiri ile iliyochemshwa. Mtafiti hajaleta jibu, na Mama ananipigia simu kila jioni kuuliza kama nimeanza kunywa.