Zamu ya Kumbeba

Kijijini kwa Unaisi mtoto mchanga halazwi chini. Mpaka kitovu kikatike, wanawake humpokezana mikononi usiku na mchana, na zamu ndefu siku zote ilikuwa ya Unaisi. Mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Wenye midomo walimwita gundi. Akawajibu afadhali gundi kuliko mama anayekoroma mwana akilia.

Basi wifi yake, Kelera, akajifungua kabla ya siku. Kitoto kikawekwa kwenye kisanduku cha kioo, hospitalini Suva, na mpira wa dawa kitovuni. Haukupita muda, donge la damu likaziba mshipa wa paja. Mguu ukapoa, ukawa rangi ya biringanya. Daktari hakuwaficha: dawa ya kuzuia damu isigande ingeuokoa mguu, lakini dawa hiyohiyo ingeweza kumvujisha damu kichwani. Na asibebwe.

Unaisi akauliza, sasa yeye kaja kufanya nini?

"Kula mihogo yetu," akasema nesi Torika. "Kwenu si njaa tupu?"

Torika alitoka kisiwa cha watani wao, na mtani asiyekutukana hakupendi.

"Mihogo mnapika nyinyi walaji wa popo? Ndiyo maana wagonjwa hawaponi."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Unaisi akipenyeza kidole kwenye tundu la kisanduku, kitoto kinakikamata. Dawa ikatiwa, mguu ukaanza kupata joto. Kelera akaanza kucheka.

Kisha asubuhi moja kikashikwa na degedege. Madaktari wakakizunguka, wakaondoka mmojammoja. Torika akaja, akachutama mbele ya Unaisi. Unaisi akangoja tusi lake.

"Mama," Torika akasema taratibu, "sasa mnaweza kumbeba."

Kelera akanyoosha mikono, uso umechanua, akidhani mwanawe kapona. Lakini Unaisi alikwisha kuelewa. Mtani haachi matusi bure.

Wakampokezana, mama na shangazi, mpaka Kelera naye akaelewa. Jioni mtoto alikuwa baridi mwili mzima, si mguu tu. Torika akaja na kitanda cha magurudumu.

"Kitovu hakijakatika," Unaisi akasema. "Halazwi. Lete mikono yako, mla popo, ni zamu yako."

Torika akakiacha kitanda mlangoni, akampokea.