Wifi Alinipindua Mtoni

Basi ule msemo wa hawa wakwe zangu kwamba sisi wa Handeni tunajua maji ya mtungi tu, leo wifi yangu ameumeza pamoja na maji ya Pangani.

Jamani!

Tulikuwa tunavuka kwenda shamba la kijiji, mimi na yeye kwenye mtumbwi. Katikati ya mto akaanza kuuyumbisha.

"Bibi harusi, hebu lia tukuone!"

Ukapinduka. Sote majini.

Hakujua kwamba mume wangu (ah, mume wangu!) amenifundisha: "Mpenzi, usiuachie mtumbwi. Vua khanga isikufunge miguu. Ugeuze, piga miguu kwa nguvu, ulalie kwa tumbo, ndipo ukae."

Nikafanya hivyo hivyo. Nikakaa na gauni langu lililolowa, khanga mapajani, nachota maji kwa kibuyu.

Wifi je? Kang'ang'ania ukingo wa mtumbwi, khanga imemzonga miguu. Ndani ana shimizi tu, tena limechanika nyuma, na ng'ambo wanaume wamesimamisha majembe wanatazama.

"Nivute, wifi yangu, nazama!"

"Vua khanga kwanza."

"Wataniona!"

"Basi lia kidogo, tukuone."

Akalia kweli. Kisha akaiachia khanga, mto ukaenda nayo.

Mkono nilimpa. Khanga yangu sikumpa. Nilijifunga mwenyewe, na tulipofika ng'ambo akapanda ukingoni mbele ya kijiji kizima na shimizi lake.

Mume wangu kacheka hadi machozi. Mama mkwe hasemi nami.

Nilikosea? Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja huko nyumbani Chanika, nimejifunga khanga hiyo hiyo, mniambie usoni.