Salamu Zilizokula Barua

Mwaka 2008, wenyeji walipotugeuka kwa marungu na moto, sisi wageni wa Johannesburg tulifundishwa kukaa ndani. Wenzangu walikaa wiki mbili, hali ilipotulia wakatoka. Mimi nikaona pananifaa. Cherehani ilikuwa ndani, jiko lilikuwa ndani, redio ilikuwa ndani, na wateja walikuwa na miguu yao. Miaka mitatu baadaye nilikuwa bado niko ghorofa ya tatu, mtaa wa Malvern, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kushuka ngazi, kuvuka Jules Street pale kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, zikiruhusu, na kuingia duka la Wachina kununua zipu na uzi. Nikirudi najinyoosha kitandani kama mtu aliyeshuka treni ya Kigoma.

Duka lile lilikuwa na kiti kirefu karibu na mlango, kirefu kama cha mwamuzi wa tenisi, na juu yake alikaa mtu wa familia kuangalia mikono ya wateja. Mimi sijawahi kuiba hata kifungo, lakini nikipita chini ya kile kiti mikono yangu yenyewe ilianza kunishuku. Aliyekaa juu alikuwa binti wa mwenye duka, wa miaka kumi na saba, kitabu mapajani. Jicho moja kwenye kitabu, jicho moja kwenye mikono yetu. Sijui kila upande aliugawia macho kiasi gani, ila nadhani kitabu ndicho kilichopunjwa.

Siku moja mama yake aliniwekea zipu zangu kwenye mfuko wa plastiki, akaushika asiuachie.

"Rafiki," aliniambia. Kila mteja alikuwa rafiki, hata wale waliotazamwa mikono. "Kiingereza chako umesoma au umeokota?"

Tuliongea Kiingereza, cha kwake na cha kwangu; hapa nakiweka kwa Kiswahili ili sote wawili tupate heshima kidogo.

"Nimesoma," nikasema, na mgongo ukanyooka wenyewe. "Sekondari. Tabora. Kidato cha nne."

Sikumwambia kwamba kwenye cheti Kiingereza nilipata C. Ile C nimeitembeza kuliko watu wengine wanavyotembeza digrii.

Mama akanieleza shida yake. Binti alitakiwa arudi China mwezi wa sita kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, na ilikuwa lazima aufanyie mkoani kwao. Hesabu hazikumsumbua, na vitabu vya masomo mengine alitumiwa na mjomba wake, ambaye ni mwalimu huko. Tatizo lilikuwa Kiingereza. Alipotua Johannesburg alikuwa na Kiingereza kizuri cha kitabuni, hadi walimu wake walimsifu. Kisha akakaa miaka mitatu katika nchi ya watu wanaosema Kiingereza, na Kiingereza kikaharibika. Wateja wake walikuwa Wakongo, Warundi, Wazimbabwe na sisi Watanzania, na kila mmoja alimwachia kipande alichokiokota mahali.

"Sasa anaandika 'eish' ya mitaani kwenye mtihani," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. "Asipopata alama, anarudi hapa." Akaonyesha kile kiti kwa kidevu.

Nikatazama juu. Binti alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatazama mikono yangu. Nikakubali. Kwa malipo ya zipu, kama mnataka kujua, na kwa sharti moja: mwanafunzi apande ngazi kwangu. Mwalimu hatoki.

Basi akawa anakuja kila alasiri, saa ambayo mjomba mwingine alimpokea kiti. Alikaa upande wa pili wa cherehani, akafungua kitabu kinene cha maswali: sentensi yenye pengo, na chini yake majibu manne, A, B, C, D. Sisi Tabora tulifundishwa sarufi kwa kuiimba. Mwalimu alisema, darasa zima likajibu, na asiyefungua mdomo alifunguliwa na fimbo. Fimbo sikuwa nayo, lakini rula ya mbao ya fundi nilikuwa nayo, nikawa napigia meza. Vitenzi vikapandishwa na kushushwa. Leo naenda, jana nilienda, ningekuwa nimeenda.

Upande wa pili wa ukuta aliishi msusi kutoka Bukavu, ambaye alisukia wateja chumbani mwake. Siku ya tatu akaja mlangoni na chanuo mkononi.

"Dada, muko nasali?"

"Tunafundishana."

"Ah! Mteja yangu ameshaitika amina mara mbili." Akachungulia, akamwona binti. "Mungu wangu. Weye, dada, mwenye hata kwenda sokoni unatuma watu, ndiye uko nafundisha Mushinwa namna ya kwenda chuo kikuu?"

"Elimu haina miguu," nikamjibu.

"Yako haina kabisa. Haya, Profesa, endelea. Ila mupunguze sauti, kichwa ya mteja inacheza."

Tangu siku hiyo nikawa Profesa kwenye ngazi zote tatu za jengo letu, na hata mlinzi wa mlangoni alinipigia saluti, nilipotoka, yaani mara moja kwa wiki.

Sarufi ilikwenda vizuri. Nilipoingia kwenye ufahamu ndipo C yangu ilipovuliwa nguo. Ilikuwa hivi: unasoma habari fupi, unaulizwa maswali, unachagua. Nikasema tujibu wote wawili, kila mtu kwenye karatasi yake, kisha tulinganishe na majibu ya nyuma ya kitabu. Nilidhani nitampa moyo.

Habari ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja aliyesafiri akaacha funguo za nyumba yake kwa jirani aliyehamia wiki ileile. Swali: mzee huyu ni mtu wa namna gani? Nikatafuta neno "mpumbavu". Halikuwemo. Nikaandika D kwa kuwa ilikuwa karibu nalo. Jibu la kitabu likasema A, mwenye kuwaamini watu.

"Kitabu kimekosea," nikasema.

"Ticha, kitabu hakikosei."

"Huyo jirani amehamia Jumatatu! Mzee anajuaje kama hata kodi amelipa?"

"Ticha," binti akasema taratibu, kama anavyosemeshwa mteja aliyeshika kitu asichotaka kununua. "Karatasi haikuulizi wewe ungefanya nini. Inakuuliza karatasi imesema nini."

Habari ya pili: dereva anasimamisha gari usiku kumsaidia mgeni asiyemjua. Kwa nini alisimama? Mimi nimekaa Johannesburg. Nilikuwa na sababu sita, na zote polisi wangetaka kuzisikia. Kitabu kikasema kwa wema wake. Mwisho wa alasiri ile mwanafunzi alipata kumi na sita kwa ishirini, mwalimu saba. Binti alichukua chaki yangu ya kukatia nguo, akaandika alama zote mbili pembeni mwa meza ya cherehani. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kwa hiyo mtaalamu wa ufahamu akawa yeye, na mimi nikabaki kutafuta mahali pa kurudishia heshima yangu. Nikapapata kwenye insha.

Insha ya mtihani ule, kwa kadiri vitabu vyake vilivyoonyesha, mara nyingi ilikuwa barua. Mwanafunzi anapewa jina la kijana asiyekuwepo, anamwandikia rafiki Mzungu asiyekuwepo, anamkaribisha kwenye sherehe ya shule isiyokuwepo. Maneno kama mia moja. Nikasoma barua za mfano za kwenye kitabu, nikashtuka. Zilianza na mwaliko! Mstari wa kwanza tu: nafurahi kukualika. Hakuna hujambo, hakuna nyumbani hawajambo, kama mdai anayegonga mlango.

"Hivi ndivyo mnavyoandikiana kwenu?" nikamuuliza.

"Hivi ndivyo mtihani unavyotaka."

"Mtihani unataka adabu. Sikiliza mtu aliyesoma."

Nikamfundisha barua ya kirafiki kama nilivyofundishwa mimi. Kwanza unamjulia hali mwenyewe. Kisha wazazi wake. Bibi yake usimsahau, kwa sababu bibi akisahauliwa anajua. Halafu unamweleza kwamba wewe huku ni mzima, hofu ni kwake yeye aliye mbali. Unagusia hali ya hewa. Unawapa salamu majirani. Na baada ya hapo, ukiwa umetua vizuri, unaandika "ama baada ya salamu", na ndipo shida yako inaingia, imeoga na imevaa viatu.

Binti aliipenda. Nadhani miaka mitatu kitini hakuna aliyemuuliza habari za bibi yake. Akanieleza kwamba bibi alikuwa kijijini, goti linamsumbua, na kwamba ndiye aliyemlea mpaka alipoitwa kuja kukaa kwenye kile kiti. Tukaandika barua kumi kwa wiki moja. Salamu zilitoka laini hadi mimi mwenyewe nilitamani kuwa yule Mzungu.

Zilipobaki wiki tatu, mama yake alipeleka insha moja kwa yule mjomba mwalimu, kwa kompyuta, aisahihishe kama mtihani wenyewe.

Mama wa duka alikuwa hajawahi kupanda kwangu. Siku majibu yalipokuja nilimsikia ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila hatua imekanyagwa kivyake. Binti alikuwa nyuma yake, macho chini. Mama akaweka karatasi kwenye cherehani, juu kabisa ya gauni la harusi la watu.

"Rafiki. Hii salamu," akasema, akipitisha kidole kutoka juu mpaka chini. "Barua iko wapi?"

Nikasoma. Mzungu alikuwa amejuliwa hali. Baba yake, mama yake, mbwa wake. Bibi yake alikuwa ameulizwa goti. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, tunashukuru. Na pale palipoandikwa "ama baada ya salamu", maneno mia yalikuwa yamekwisha. Mzungu hakualikwa popote. Mjomba alikuwa ametoa alama nne kati ya ishirini na tano, na chini yake kaandika kitu kwa Kichina.

"Anasema nini?"

Binti akajibu bila kuinua macho. "Anauliza kama mimi ni mgonjwa."

Mlango wangu ulikuwa wazi, na msusi alikuwa amesimama pale, chanuo limekwama kwenye nywele zake mwenyewe.  

"Chuo kisiponiita," binti akaniambia mama yake alipokwisha shuka, "nitakaa kwenye kile kiti mpaka niwe kama mama. Nitakuwa nasema rafiki, rafiki, na sitakuwa na hata mmoja."

Nimeshona miaka mingi. Nimeharibu vitambaa vya watu, nikaficha kosa kwa pindo au kwa kifungo cha kupambia. Huyu hakuwa kitambaa, na kosa lilikuwa limeshonwa na mimi, kwa majivuno, ili nisahau ile saba kwa ishirini. Nikamwomba radhi. Nilimwomba Kiswahili kwanza, kwa kuwa Kiingereza changu chote cha Tabora hakikuwa na maneno ya mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi.

Kisha tukaanza kukata. Lakini salamu zilikuwa zimemwingia. Bila hizo kalamu haikutembea. Akiandika mwaliko moja kwa moja alisimama katikati, akasema, "Ticha, naona aibu." Aibu hiyo nilimpa mimi. Siku ya nne nikapata dawa ya kifundi: kabla ya kushona unatia uzi wa muda, na kabla nguo haijatoka unauchomoa. "Huko mtapewa karatasi ya rafu?" nikamuuliza. Akasema wanapewa. "Basi salamu zote andika kwenye rafu, mpaka kwa bibi. Ukifika 'ama baada ya salamu', hamia kwenye karatasi ya majibu."

Alijaribu. Kalamu ikatembea. Barua iliyofuata mjomba aliipa kumi na tisa, na akauliza kama amepona.

Aliondoka na ndege ya asubuhi. Sikwenda uwanja wa ndege. Nilimpungia dirishani, kupitia nondo, mpaka gari lilipokata kona. Msusi alisema nililia. Nilikuwa na mafua, ilikuwa baridi inaingia.

Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukapita. Zipu ziliniishia, nikashona vifungo tu, kwa kuogopa kwenda dukani kuona nani amekaa juu. Mwezi wa nane mama wa duka akamtuma mlinzi kuniambia kuna barua yangu. Nikashuka. Nilisubiri robot ibadilike mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

Barua ilikuwa kurasa mbili, kwa mkono, kwa Kiingereza. Nikaisomea palepale kaunta. Ananijulia hali. Anauliza cherehani. Anamsalimu msusi, anawasalimu wateja wa msusi walioitika amina, anamsalimu mlinzi, anauliza kama sasa natoka nje. Bibi anasema asante, goti ni afadhali. Kwenye chumba cha mtihani, anasema, walizikusanya karatasi za rafu, kwa hiyo salamu zake ziko huko serikalini kwenye boksi, na hizi ni nakala. Kisha, chini kabisa ya ukurasa wa pili: "ama baada ya salamu". Na ukurasa ukaisha.

"Mama," nikasema, "amepata?"

 Mama wa duka akanyoosha kidevu mlangoni. Kile kiti hakikuwa pale. Palikuwa na kioo cha duara kimepigiliwa ukutani, kile chenye kukuonyesha umevimba, na mimi ndani yake na barua yangu, mikono yote miwili inaonekana.

"Kiti kiko stoo," akasema. "Hakuna wa kukaa. Rafiki, unataka?"

Mlinzi na kijana wa mizigo walikipandisha ghorofa tatu, msusi akiwaongoza kwa matusi ya Kibukavu. Kilikuwa kirefu mno kwa cherehani, tukakikata miguu. Ndicho ninachokalia sasa ninapoandika barua ya kumpongeza. Nimeianza tangu Jumapili. Niko ukurasa wa tatu, na nimefika kwenye goti la bibi.