Utomvu wa Mama Kinoti

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha chupa. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nimetoka Kanja alfajiri, cheti cha sayansi ndani ya bahasha na viatu vya kuazima miguuni, nikidhani nitakabidhiwa darubini. Msimamizi wa maabara ile ya Embu akanipa sabuni na brashi. "Suuza mara saba," akasema, "na ya mwisho iwe kwa maji yaliyokenekwa." Hayo ni maji yaliyochemshwa, mvuke wake ukapozwa, yakabaki bila chumvi wala madini. Niliosha chupa miezi minne. Nyinyi vijana wa leo mngeandika barua ya kulalamika. Mimi nilinung'unika kimoyomoyo tu, nikaendelea kuosha.

Baadaye nilihamishiwa Meru, kwenye maabara ndogo iliyopima utomvu wa mapapai. Wakulima wa Mitunguu walichanja mapapai mabichi yakiwa bado mtini, wakakinga utomvu mweupe na kuuanika juani. Ndani ya utomvu huo mna papeini. Papeini ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi yake maalumu, na kazi ya hiki ni kukatakata protini nyingine. Ndiyo maana nyama ngumu ikifungwa kwa majani ya mpapai hulainika. Kipimo chetu kilikuwa maziwa: unayapasha moto kidogo, unatia utomvu, unabonyeza saa na kungoja yagande. Utomvu mzuri huyagandisha upesi.

Mkuu wa Maabara alikuwa mtu wa Imenti, mrefu, mpole, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi lingeweza kusimama lenyewe. Nimefanya kazi chini ya wakuu sita na sijaona wa kumfikia. Hakuna karatasi iliyotoka mlangoni kabla hajauliza, "Umejuaje?" Swali hilo lilituudhi sana, hasa sisi tuliojiona tunajua.

Juma moja alisafiri, akaniachia kazi ya kutia sahihi majibu. Nikapima utomvu wa mkulima mmoja wa Mitunguu, Mama Kinoti. Maziwa yakakaa vile vile, maji maji, hadi yakapoa. Nilijua kwamba wadanganyifu wachache walikuwa wakiongeza unga ili mzigo uwe mzito. Basi nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Umechanganywa na unga." Nikatia sahihi, na nakiri nilijisikia mtu mkubwa.

Afisa Ununuzi wa kampuni iliyonunua utomvu alisoma majibu kwa sauti kwenye kituo cha kukusanyia, mbele ya wakulima wote, akakata jina la Mama Kinoti kwenye orodha ya wauzaji. Siku tatu baadaye mama mwenyewe aliingia maabarani, kitambaa cha kanisa kichwani. Mkuu alikuwa amesharudi.

"Nani hapa alisema mimi naweka unga?"

"Karibu mama, keti," Mkuu akamwambia.

"Sikai. Hiyo unga nikiweka kwa utomvu, watoto wangu watakula nini? Nimesomewa jina kama mwizi. Mimi ndiyo chealady, ndiyo naongoza akina mama wa kanisa, na sasa wameniambia nikae kando kwanza."

Mkuu akanigeukia. "Wawira, ulijaribu ayodini?"

Ayodini ni dawa ya rangi ya kahawia. Ikigusa unga hugeuka bluu iliyoiva, karibu nyeusi. Ni kazi ya dakika moja, na sikuwa nimeifanya. Nikadondosha tone mbele yao. Likabaki kahawia.

"Hakuna unga," Mkuu akasema. "Barua ya kusema hivyo inatoka leo."

"Na kwa nini haigandishi maziwa?"

"Hatujui, mama."

"Basi watasema niliweka kitu ingine. Hiyo barua nitaifanyia nini?"

Mkuu akakubali kwamba ni kweli. Akaomba majuma matatu, na mama akaondoka bila kuniangalia. Nilitamani anitukane.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi hasa. Ili kujua protini inafanya nini, sharti kwanza uitenge na wenzake. Tuliyeyusha utomvu, tukatia chumvi ya amonia kidogo kidogo, maana kila protini ina kiwango chake cha chumvi cha kuifanya ijitenge na maji. Kisha tukaipitisha kwenye bomba la kioo lililojaa chembe laini za kuchujia, tukikinga matone katika chupa moja baada ya nyingine. Mwishowe tulipata papeini safi ya Mama Kinoti, kiasi kile kile kinachopatikana katika utomvu mzuri. Ilikuwapo yote. Haikufanya kazi tu.

"Mwenye nyumba yuko ndani na mlango haufunguki," Mkuu akasema. "Kuna kitu kimeushika."

Papeini ina mahali pake pa kushikia kinachokatwa, na hapo pana chembe ya salfa. Baadhi ya madini hupenda kung'ang'ania hapo. Kwa hiyo wakulima walikatazwa kuchanja kwa kisu cha chuma. Nikatumwa Mitunguu kuangalia kisu.

Kisu chake kilikuwa cha mwanzi, kimechongwa vizuri kuliko vingi. Kitambaa cha kuanikia kilikuwa safi. Nilikuwa ninaaga nilipoiona ndoo chini ya mpapai; kwenye mshono wake palikuwa na mstari wa bluu hafifu.

"Mama, ndoo hii ni ya kazi gani?"

"Ya utomvu. Na ya dawa ya kahawa, nikienda shamba ya juu. Lakini naosha."

Familia nyingi za Imenti zilikuwa na kahawa juu na shamba jingine huku bondeni Mitunguu, na kila mwenye kahawa alinyunyizia dawa ya shaba. Shaba ikiwa dawa huwa ya bluu, na mabaki yake ndiyo mstari ule.

Tulichukua papeini safi kutoka utomvu mwingine, tukatia shaba kidogo mno. Maziwa yakakataa kuganda. Tukatia dawa inayonyakua madini, pamoja na nyingine ya kuiamsha ile salfa, maziwa yakaganda. Tukafanya vivyo hivyo kwa papeini ya Mama Kinoti. Ikaamka! Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio. Mkuu akacheka, kisha akasema, "Rudia mara tano."

Siku ya kukusanya utomvu Mkuu alisimama mbele ya wakulima wale wale. "Kosa ni la maabara yangu," akaanza. Alikuwa tayari kulibeba mwenyewe, na hilo ndilo lililonifanya nisimame. Nikasema kosa ni langu mimi, nikaeleza kuhusu shaba na ndoo, nikamwomba Mama Kinoti radhi.

Naye akasema, "Nimesikia. Umenirudishia jina, asante. Lakini mwari wakwa, binti yangu, hiyo siku ya kwanza, kwa nini hukuniuliza?"

Jumapili iliyofuata alirudi kuwaongoza akina mama, na juma hilo akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwafundisha watenge ndoo. Utomvu wa Mitunguu ulitakata kuliko ambavyo chupa zetu zote zingeweza kuutakasa.

Nilistaafu Embu, nikiwa mimi ndiye mkuu wa maabara. Mjukuu wangu hunionyesha kwenye simu picha za protini zilizokunjwa kama uzi, mpaka mahali pa salfa panaonekana, nami nafurahi mno kuona sura ya kitu nilichokijua kwa kazi yake tu. Kimeng'enya hakidanganyi, vijana, lakini hujibu lile uliloliuliza na si zaidi. Mama Kinoti angenitajia ndoo yake siku ile ya kwanza, kwa pumzi moja. Mimi nilizunguka majuma matatu kuifikia, na majuma hayo yote yeye alikuwa amekaa kando.