Mabalozi Walipokaza Manifodi

Harufu ya petroli iliyomwagika kwenye vumbi hunipandisha hasira kabla sijajua nimemkasirikia nani. Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, kule Handeni, mahindi yetu yalibaki kwenye vihenge vya zamani, ng'ambo ya vilima, na nguruwe pori walikuwa wameshayagundua. Kijiji kilikuwa na lori moja kuukuu, mabaki ya shamba la mkonge, ambalo liliishiwa pumzi kila lilipofika kwenye mwinuko. Baba, fundi wa kijiji, akapata huko Mazinde manifodi, kile kipande cha chuma kinachoingiza hewa na petroli kwenye injini, ya kufungia kabureta mbili badala ya moja, ili injini ipate hewa na petroli ya kutosha kupanda na mzigo. Aliisugua kwa msasa juu ya kioo hadi ikalala bila mwanya, akakata gasketi kwa wembe. Mama alikuwa ameshafua magunia. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika, na chakula chetu chote kilikuwa kinalisubiri lori lile.

Asubuhi ya kufunga, mwenyekiti alikuja na mabalozi wote wa nyumba kumi kumi, na nyuma yao kijiji kizima. Lori ni la wote, alisema, kwa hiyo kila balozi atakaza nati yake, nyumba zake zisije zikaambiwa hazikushiriki. Baba alieleza kwa upole kwamba manifodi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, na mkono mmoja unaojua umefikia wapi.

"Mkono mmoja?" mwenyekiti akauliza. "Fundi, unataka kuwa bepari wa spana?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akatoa spana. Balozi wa kwanza, mkata mkonge wa zamani, alianza na nati ya pembeni kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli.

"Kaza, mzee, usije ukatuacha mlimani," mama mmoja akamwambia.

"Nikikaza mimi, shemeji, hata fundi hafungui."

Akavuta kwa nguvu zake zote. Aliyefuata hakutaka kuonekana dhaifu, naye akavuta, na mwingine akavuta zaidi. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kikivunjika. Sikio la manifodi, pale inapokazwa nati, lilikuwa limepasuka. Nilimtazama baba, alikuwa amesikia, na bado alikuwa anatabasamu. Injini ilipowashwa ilivuta hewa kwenye ufa, ikakohoa, ikatema moto kwenye kabureta, ikazima. Mwenyekiti alisema petroli ni mbovu. Kabla manifodi nyingine haijapatikana mvua ilishuka, na mahindi yakaota ndani ya vihenge. Mama aliyakunja magunia. Tulikula mboga mwitu ya mchunga na makopa ya muhogo hadi mdogo wangu akawa halii tena, anatazama tu.

Mwenyekiti nilishamsahau. Kinachonichoma ni kile kicheko cha baba. Kwa sababu ya kicheko hicho nilijifunza injini peke yangu, kwa kufungua na kuharibu, bila mwalimu, na leo nina gereji Korogwe, mwanamke mwenye umri aliokuwa nao baba siku ile. Nakaza, nalegeza, nakaza tena. Lori likishaondoka moyo hunidunda hadi nisikie limefika. Hakuna msaidizi aliyedumu kwangu, kwa sababu simwachii mtu spana. Kazi zangu hazirudi kurekebishwa.

Juzi baba alikuja kunisalimia, nikamuuliza hatimaye kwa nini hakukataa.

"Tulikuwa wageni pale, mwanangu," alisema. "Ningewanyang'anya spana, nani angetuzika?"

Hapa wateja huja, husifu kazi, huondoka, na jirani wa nyuma ya ukuta wangu simjui hata jina. Labda baba alijua alichokuwa anakinunua. Lakini aliyelala na njaa ile pembeni yangu alikuwa mdogo wangu, mtoto wa miaka mitatu, na mpaka leo nasema baba alipaswa kukataa.