Pua ya Mama

Mwaka ule stima ilikuwa ikipotea mara kwa mara huko Muthangari, kwa hivyo taa zilipozimika siku mbili mfululizo hakuna aliyeshangaa. Mimi na Mama tulikuwa tukiishi katika chumba cha wafanyakazi, nyuma ya nyumba kubwa ambamo Mama alikuwa mpishi kwa mwaka wa kumi na moja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimepata kazi ya kupokea wageni na kuchapa barua katika ofisi ya wakili mmoja mjini, ghorofa ya nne, si mbali na City Market.

Mama hakuwa akinywa maziwa ya ng'ombe kwa sababu yalimvimbisha tumbo. Wanawake wa kanisani walikuwa wamefundishwa kutengeneza maziwa ya soya, naye akalishika jambo hilo kwa nguvu zote. Aliloweka soya usiku kucha, akazimenya maganda, akazisaga kwa blenda ya nyumba kubwa, akachuja kwa kitambaa cheupe, kisha akachemsha na tangawizi. Chupa yake ilikaa kwenye friji ya jikoni, pembeni kabisa, mbali na vitu vya wenyewe. Mimi niliyanywa kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa. Chumba kilikuwa bado na giza na mshumaa ulikuwa umebaki kipande. Mama alikuwa amekwisha kuileta chupa na kumimina vikombe viwili. Chake alikuwa amekimaliza, anajipangusa mdomo kwa kiganja.

"Kunywa haraka uende," aliniambia.

Niliyagugumia bila kupumua. Nusu ya kikombe ilikuwa imepita kooni ndipo ulimi ukatambua. Yalikuwa yanavutika kama mlenda, yanauma ulimi kwa uchachu, na chini ya uchachu huo kulikuwa na ladha ya kitu kilichofia majini. Nilitema yaliyokuwa mdomoni kwenye beseni. Hapo ndipo harufu nayo ikanifikia, nikashangaa nilivyoikosa.

"Mama, hii maziwa imeharibika!"

"Imeharibika wapi? Mimi nimemaliza yangu."

"Nusa basi."

Alikichukua kikombe changu, akakileta puani, akavuta pumzi taratibu. Nilimwona akitafuta. Kisha akanirudishia.

"Ni tangawizi tu. Leo niliongeza kidogo."

Ili uelewe kilichonishtua, lazima ujue Mama alikuwa na pua ya namna gani. Aliwahi kusimama nje ya bucha moja Kangemi, akageuka na kuondoka kabla mwenye bucha hajamaliza kumsalimu, akaniambia njiani kwamba nyama ile imelala siku tatu. Nilipokuwa mdogo alinusa nywele zangu na kusema nitaamka na homa, na niliamka nayo. Watoto wa nyumba kubwa, waliomwita Shosho kama bibi yao, walikuwa wakimfunga macho kwa leso na kumletea vitu kutoka bustanini ili avitaje. Hakukosea hata kimoja.

Nilienda kazini. Kufika saa nne tumbo lilianza kukatika. Nilikimbilia choo cha ghorofa ile mara tano, na mara ya mwisho nilikaa sakafuni nikiwa nimeegemea ukuta wenye baridi, jasho likinitoka mpaka kwenye vidole. Wakili alinituma nyumbani. Kabla sijashuka ngazi nilimpigia Mama simu.

"Tumbo lako likoje?"

"Limenisumbua kidogo. Nadhani ni ile kabeji ya jana."

"Si kabeji, Mama."

Nilisikia sufuria ikiwekwa mahali, na mtoto mmoja akicheka karibu naye. Kisha akasema ana kazi, akakata.

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, nilimwambia afumbe macho. Alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo. Hakuuliza kwa nini. Nilichukua chupa ya mafuta taa tuliyoiweka chini ya meza kwa ajili ya taa, nikafungua kifuniko, nikaisogeza mpaka ikakaribia pua yake. Macho yangu mimi yalianza kuwasha.

"Ni nini hii?" nilimwuliza.

Alivuta pumzi. Akavuta tena.

"Maji," alisema.

Alifungua macho, akaiona chupa. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko jibu lake. Alirudi kwenye nguo zake, akachukua sketi, akaikunja mara mbili vizuri.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu karibu na Pasaka. Kwanza nilidhani ni mafua."

"Na unawapikiaje?"

"Mikono inajua." Halafu akanishika kifundo cha mkono, akanikaza kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Mpishi asiyenusa, nani atamweka? Usimwambie mtu. Hata mchungaji. Umesikia?"

Nilisema nimesikia.

Wiki tatu zilizofuata nilikuwa pua yake. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, nilipitia jikoni mwa nyumba kubwa kana kwamba naaga. Mama alinifungulia friji kimya, nami niliinama na kunusa. Nyama. Samaki. Mabaki ya jana. Maziwa ya watoto. Nikimtikisia kichwa alikitupa kitu bila kuuliza. Mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Madam, alianza kulalamika kwamba chakula kinaisha haraka siku hizi. Alikuwa mwanamke mpole mwenye haraka nyingi, na alilisema akitabasamu. Mama alitabasamu pia. Mimi nilitazama vigae.

Cha mwisho kilikuwa jiko la gesi. Nilikuwa napitisha uso juu ya visahani vyake vinne vya moto, kisha nagusa kila kishikizo kuhakikisha kimezimwa. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, lakini haikunitoka akilini siku nzima. Mezani pangu mjini nilikuwa naandika barua, katikati yake nikakwama, vidole juu ya kibodi, nikijiuliza: kile cha pili kutoka kushoto, nilikigusa ama nilidhani nimekigusa? Nilianza kumpigia simu saa nne, saa sita, saa nane. Asiposhika nilisimama dirishani, nikitazama upande wa magharibi juu ya mapaa, kana kwamba ningeona kitu. Siku moja wakili aliniuliza kama nina mtoto mgonjwa nyumbani. Nilisema ndiyo.

Nyakati hizo Mama naye alianza kubadilika kwa vitu vidogo. Aliumwa kichwa asubuhi, juu ya macho, akajifunga kitambaa na kukaza. Alitia chumvi mara mbili. Siku moja nilimkuta amesimama katikati ya uwanja wa nyuma ameshika kisu cha mboga, hajui alikuwa anaenda wapi. "Nilikuwa nachuma dania," alisema baadaye, lakini alikuwa ameipa dania mgongo.

Niliona yote hayo. Kila siku nilijiambia nitasema Jumapili baada ya ibada, na kila Jumapili ilipita.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya Julai, baridi ile inayofanya watu wafunge madirisha mchana kutwa. Ofisini tulikuwa tunafanya kazi nusu siku, na nilirudi saa saba. Askari wa lango alinifungulia akiwa amejifunika blanketi, tukasalimiana, nikazunguka nyuma. Nilikuwa bado sijafika kwenye kamba ya kuanikia nguo harufu iliponipiga. Ilitoka chini ya mlango wa jikoni, nzito, tamu kidogo, inayokwaruza koo.

Ndani nilimsikia Mama akiimba tenzi za kanisani. Kutoka chumba cha pili ilisikika televisheni, katuni, na watoto wawili wakicheka pamoja.

Nilipousukuma mlango alikuwa amesimama mbele ya jiko amenielekezea ubavu. Mkono mmoja ulishika kibiriti. Mwingine ulikuwa umetoa njiti.

"Mama! Usiwashe!"

Alidhani ni nyoka. Aliruka nyuma, akatazama miguuni pake, na njiti ikaanguka sakafuni. Nilimpita nikafunga mtungi wa gesi, nikafungua dirisha, nikafungua mlango wa pili, nikawavuta watoto nje kwa mikono huku wakilia kwamba katuni haijaisha. Mama alikuja nyuma yetu polepole. Aliketi kwenye nyasi zilizolowa, bado ameshika kile kiboksi, na ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

"Iliachwa wazi muda gani?" aliuliza, akimaanisha gesi.

"Sijui. Nyumba imejaa."

Aliwatazama watoto. Mdogo alikuwa amepiga magoti anamwita paka. Kisha Mama akasimama, akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya nyasi. Hakurudi kwa mlango wa jikoni. Alizunguka nyumba mpaka mbele, mlango ambao kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kumwona akiutumia, na akabisha. Nilimfuata.

Madam alikuwa ametoka kuoga, kichwa kimefungwa taulo. Mama alimweleza akiwa amesimama, bila kuongeza wala kupunguza: pua imekufa tangu Pasaka, leo nimeacha gesi ikimwagika, watoto walikuwa karibu, huyu binti yangu ndiye aliyenizuia. Madam alipauka. Alikimbia nje kuwaona watoto, akawashika nyuso, akarudi ndani akiwa amembeba yule mdogo, mkubwa ameshikilia nguo yake.

"Tangu Pasaka," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Madam."

"Ulikuwa unapita hapa kila asubuhi, unanisalimia, na ulijua."

Hakupaza sauti. Ningependelea apaze.

Alifanya mambo mawili, na mpaka leo sijui niyapange vipi moyoni. Jumatatu yeye mwenyewe alimpeleka Mama kwa daktari huko Kilimani, akakaa naye kwenye foleni asubuhi nzima, na daktari akaagiza kichwa kipigwe picha. Jumatano alituambia tutafute mahali pengine pa kuishi. Watoto walilia, Mama akawabembeleza.

Picha ilionyesha uvimbe nyuma ya paji la uso, mkubwa kama limau, uliokuwa ukiota polepole pengine kwa miaka, ukikandamiza pale harufu zinapopokelewa. Daktari alisema si wa aina mbaya zaidi, lakini ungeachwa ungeendelea kuchukua kitu kimoja baada ya kingine: macho, kumbukumbu, tabia yenyewe. Alimwuliza Mama ni nani wa kwanza kugundua, na Mama akaninyooshea kidole. Daktari akanisifu. Nilitamani sakafu inimeze.

Alipasuliwa mwezi wa kumi. Aliamka siku ya pili, akataka maji, akauliza kama nimekula. Uvimbe ulitoka wote. Harufu haikurudi, na tuliambiwa haitarudi.

Tulihamia Kangemi, chumba kimoja cha mabati chenye dirisha linalotazama sokoni. Nilikuwa naenda kazini, yeye anabaki, kichwa kimefungwa leso kuficha kovu. Hatukuzungumza juu ya wiki zile tatu mpaka Jumapili moja, miezi mingi baadaye, alipokuwa akichambua mchele kwenye uteo na mimi nikipiga pasi.

"Nataka kukuuliza," alisema bila kuinua macho. "Ulikuwa unangoja nini?"

Nilijua anauliza nini. "Uliniambia nisimwambie mtu."

Alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa nje ya mlango.

"Mimi nilikuwa mgonjwa," alisema. "Wewe ulikuwa mzima."

Hakusema kwa hasira. Aliendelea na mchele wake, nami nikaendelea na pasi, nikarudia kola ileile mara nyingi kuliko ilivyohitaji.