Ndoo Chini ya Mashua

Mashua iliingia Kariobangi ikiwa juu ya lori la mawe, mwezi wa Septemba 1997, na Ndindi alipoiona tu aliacha kushona. Alikuwa ameketi nje ya karakana ya mume wake, mguu juu ya cherehani, akishona mapazia ya mteja wa Umoja. Lile dude jeupe lilipita juu ya mabati ya vibanda, tumbo limejaa kama la ng'ombe anayekaribia kuzaa, na chini ya tumbo limeota chuma kipana kama jembe la trekta. Watu waliacha nyundo zao wakatoka kutazama.

"Ni nini hiyo, Baba Nzisa?" aliuliza.

"Kazi," alijibu mume wake, Muasya, huku akipangusa mikono.

Muasya alikuwa seremala. Alitoka Wamunyu akiwa kijana, ameshachonga vinyago vya twiga na vifaru vya kutosha maisha mawili, akaja Nairobi kutengeneza vitanda na miili ya malori. Hakuwa amewahi kugusa mashua. Ndindi naye hakuwa amewahi kuona maji mengi kuliko yale ya mto Athi, na hayo yalimtosha. Alikuwa na miaka tisa Athi ilipomchukua kaka yake Kilonzo pamoja na punda wawili. Asubuhi hiyo mto ulikuwa mchanga mtupu. Kilonzo alishuka kuteka maji kwenye kisima cha mchangani, mvua ikiwa imenyesha huko mbali wasikokuona. Tangu siku hiyo Ndindi hakuweza kuyaamini maji, hata ya karai.

Mwenye mashua alikuwa Wakoli, dalali wa magari makuukuu, mtu wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa. Aliinunua Naivasha kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya kusafiria, si ya kuvulia samaki. Ndani ilikuwa na chumba kidogo chenye vitanda vinne na mahali pa jiko, na nyuma palikuwa na sehemu ya kukalia iliyozama kama beseni, ambamo mwenye kushika usukani huketi. Lakini ilikuwa imechoka. Mbao za ndani zilikuwa zimeoza, magodoro yananuka panya, na tanga limechanika mahali pengi.

"Muasya, nataka uifanye bibi harusi," Wakoli alisema. "Kuna mzee wa Port Victoria, anaitwa Nabiswa, ana nyumba ya wageni kando ya ziwa. Anataka ya kuwapeleka visiwani. Kufikia Krismasi awe ameichukua."

Basi wakaipandisha juu ya magogo na mapipa, wakaanza. Muasya alitoa mbao zilizooza akaweka mvule. Alikwangua mlingoti, akaupaka varnishi mara nne. Alitundika jiko la mafuta ya taa kwenye fremu inayobembea ili sufuria isimwagike chombo kikiyumba. Fundi wa umeme wa malori akapitisha nyaya za taa. Ndindi alipewa tanga na magodoro.

Lile tanga lilimwogopesha kuliko kitu chochote alichowahi kushona. Kitambaa chake kilikuwa kigumu na kililia kama karatasi. Alishona kila mshono mara tatu kwa uzi uliopakwa nta, kisha akafumua na kurudia. Pazia likiachia uzi, mteja atanung'unika. Hili likiachia, ni nani atakayenung'unika, na kutoka wapi?

Oktoba mvua ikaanza. Ilikuwa ile mvua ya El Nino, ambayo haikujua kupumzika. Barabara ziligeuka mito, na taka za Dandora zikaelea hadi milangoni mwa watu. Asenath, aliyeuza chai langoni mwa karakana, alikuwa na wimbo mmoja kila siku.

"Mama Nzisa! Safina imefika wapi? Mniwekee nafasi, mimi na mbuzi wangu!"

"Huna mbuzi, Asenath."

"Basi niweke mimi na birika!"

Watu walicheka. Ndindi alicheka pia, kwa mdomo tu.

Jambo la ajabu ni kwamba mvua ilinyesha hivyo na mifereji ya kutekea maji mtaani ikakauka, kwa kuwa mabomba yalikuwa yamepasuka. Ndindi, ambaye macho yake hayakukosa kitu, aligundua kwamba nyuma ya mashua, upande wa nje, palikuwa na midomo miwili midogo, na kila mvua iliponyesha midomo hiyo ilitoa maji kama mbuzi anayekojoa. Akawa anaweka ndoo chini yake. Mvua moja, ndoo mbili, maji safi ya kufulia. Hakujiuliza yanatoka wapi. Alidhani ni kama maji ya paa.

Ijumaa moja mwanzoni mwa Novemba alipanda ngazi kupima viti vya ile sehemu ya nyuma. Alipoinama na futi yake aliyaona: matundu mawili sakafuni, kila moja pembeni, makubwa kama yai.

"Baba Nzisa! Njoo. Njoo haraka."

Muasya akapanda. "Nini tena?"

"Chombo cha kwenda majini kinatobolewa sakafu?"

Muasya alicheka. Halafu akaingiza kidole tunduni, na kicheko kikaisha. Wakoli aliitwa, akapanda na viatu vyake, akaguna.

"Kumbe yule mzungu alikuwa anachezea roho yake! Ziba, Muasya. Ziba kabla mteja hajaona."

Ndivyo wanavyofanya Kariobangi. Gari likitoboka, linazibwa, linapakwa, na haulizwi aliyelitoboa alikuwa na maana gani. Muasya alichonga vizibo viwili vya mvule, akavigongomea ndani na gundi, akapaka juu ile fila ya kusawazishia mabati ya magari, akasugua, akapiga rangi nyeupe. Hata ungelipapasa kwa ulimi usingepata alama.

"Mama Nzisa, wewe ndiye injinia wetu," Wakoli alisema.

Ndindi alishuka ngazi akiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake woga wake ulikuwa umefaa kitu.

Jumatatu mchana mvua ilipiga saa mbili mfululizo. Ilipokatika, alikwenda kuchukua ndoo zake. Zote mbili zilikuwa na maji ya kulowesha chini tu.

Alisimama pale akizitazama. Kisha akainua macho kwa ile midomo miwili. Kavu. Alipanda ngazi. Ile sehemu ya kukalia ilikuwa imejaa maji hadi usawa wa viti, na karatasi ya mandazi ya Asenath ilikuwa inaelea katikati, inazunguka taratibu. Chini ya mashua, gogo moja lilikuwa limeanza kulia kwa uzito.

Akaelewa yote kwa mara moja. Maji yakiingia hapo nyuma, ni lazima yapate pa kutokea. Wao walikuwa wamefunga mlango. Na aliyesema ufungwe ni yeye.

Alimwambia Muasya akiwa anapiga randa. Muasya hakuacha kupiga.

"Hiyo ni mvua, Mama Nzisa. Ziwani watafunika na turubai."

"Wimbi linafunikwa na turubai?"

"Wewe umeona wimbi wapi?"

"Sijaona. Wewe umeona?"

Muasya akaweka randa chini. Alikwenda kumwambia Wakoli, na Ndindi alisikia jibu kutoka kwenye cherehani yake.

"Usifungue kitu! Mzee anakuja Alhamisi. Nimemwambia mashua haina tundu hata la sindano. Sasa umwonyeshe matundu mawili? Atageuza gari pale pale."

Hapo ndipo Ndindi alipokumbuka desturi ya Light Industries, kama karakana za Kariobangi zinavyoitwa. Gari likitengenezwa, fundi hupanda nalo safari ya kwanza. Aliyefunga breki ndiye anayekaa mbele siku ya kuzijaribu. Hakuna mteja anayekubali vingine, na hakuna fundi anayekataa, maana akikataa jina lake limeisha. Muasya angepanda. Muasya ambaye hajui kuogelea, ambaye akivuka mfereji hushika ukuta.

Siku tatu hizo hakula vizuri. Kila mvua iliponyesha alikwenda kutazama ndoo. Kila mara zilikuwa tupu, na kila mara alimwona Kilonzo akishuka mchangani na punda wake.

Alhamisi asubuhi Wakoli alifika mapema na karai. Alichota maji yote ya usiku, akapangusa sakafu kwa gunia hadi ikakauka. Ndindi alimtazama kutoka kwenye cherehani. Saa nne Nabiswa akaja. Alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye koti la mvua na kofia ya sufu. Alizunguka mashua, akaigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua tikiti maji. Aliingia ndani, akabembeza jiko, akacheka. Alilala kitandani na viatu. Alilivuta tanga kwa mikono miwili, kwa nguvu, mahali pa mshono, na Ndindi akaacha kukanyaga cherehani mpaka alipoliachia.

"Nani ameshona?"

"Mke wangu," Muasya alisema.

"Ameshona kama mtu mwenye deni na Mungu." Kisha akaketi kwenye ile sehemu ya nyuma, akashika usukani. "Naichukua. Kesho ipakiwe, Jumamosi iko majini. Na nyinyi watu wa hapa nasikia mna desturi. Fundi hupanda kwanza."

"Nitapanda," Muasya alisema.

Alisimama kutoka kwenye cherehani. Hakujua amesimama mpaka alipojikuta ameshika ndoo ya maji na mguu uko kwenye ngazi.

"Mama Nzisa, shuka, tunaongea," Wakoli alisema.

Hakushuka. Alifika juu, maji yakimmwagikia kwenye lesso. "Mzee, samahani. Inua miguu."

Nabiswa, kwa kushangaa, akaiinua. Ndindi akaimwaga ndoo yote sakafuni.

"Huyu mama ana wazimu!" Wakoli alipiga kelele kutoka chini.

"Tazama yanaenda wapi, mzee," Ndindi alisema.

Walitazama. Maji yalitikisika, yakatulia. Hayakwenda popote. Asenath alikuwa ameacha birika lake, na watu wa kuchomelea walikuwa wamezima moto.

"Yalikuwa yanatoka," Ndindi alisema. "Palikuwa na matundu mawili hapo pembeni. Mimi nikaogopa, nikasema yazibwe. Si fundi, ni mimi. Yamezibwa na sasa ikijaa imejaa. Mimi sijui ziwa. Wewe ndiye unayelijua. Wimbi moja linaleta ndoo ngapi?"

Nabiswa alishusha mguu mmoja ndani ya maji.

"Halihesabiki kwa ndoo, mama," alisema. "Ndugu zangu wavuvi huenda ziwani na sufuria za kuchotea maji. Wakichoka kuchota, huwa hatuwaoni tena." Akamgeukia Muasya. "Fundi, ni kweli?"

Muasya hakumtazama Wakoli. "Ni kweli, mzee."

Alikwenda akaleta keekee, akapiga magoti majini. Ilimchukua muda kupata mahali, kwa jinsi alivyokuwa ameificha kazi yake vizuri. Mvule mwekundu ukatoka vipande vipande, kisha kukasikika mlio kama wa koo linalomeza, na maji yakaanza kuzunguka yakiteremka. Chini, midomo miwili ilifunguka. Wakoli alikuwa amesimama papo hapo. Aliruka nyuma, lakini viatu vilikuwa vimeshaoga.

"Bwana Wakoli!" Asenath alimwita. "Lete ndoo, hayo ni ya bure!"

Kicheko kilichopigwa kilitoka rohoni. Ndindi peke yake hakucheka.

"Na ya ziwa je?" alimuuliza mume wake polepole. "Hayatapanda kwa hayo hayo matundu?"

Muasya alifikiri. Kisha akashuka, akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashua, shubiri mbili chini ya ile midomo. "Hapa palikuwa na mstari wa kijani, uchafu wa maji ya Naivasha. Niliukwangua mwenyewe. Ilikuwa inazama mpaka hapa, si zaidi."

"Mpaka hapo ikiwa na watu wangapi?"

Muasya alipeleka kiganja juu kidogo, kisha akakirudisha.

Nabiswa hakubadili neno. Ijumaa mashua ilipakiwa, na Muasya akaondoka nayo kwenda Port Victoria. Jumapili Ndindi alitoka kanisani kabla ya baraka, akaenda kuketi dukani kwa Wehliye, muuza misumari wa mtaani, kwa kuwa duka lake ndilo lililokuwa na simu. Mvua ilinyesha. Wehliye alimpa kiti, kisha chai, kisha akaacha kumwambia asiwe na wasiwasi. Saa kumi simu ililia, akamnyooshea.

"Mama Nzisa."

"Uko wapi?"

"Nchi kavu." Sauti ya Muasya ilikwaruza kwa mbali. "Tulienda. Wimbi lilitupanda kutoka nyuma mara mbili. Maji yalifika magotini. Nikajua basi."

Ndindi aliusogeza mkono wa simu karibu zaidi na sikio.

"Yakatoka," Muasya alisema. "Yote. Nilikuwa nayatazama yakitoka, nikakuwaza wewe na ndoo."

Ndindi alijipangusa uso kwa ncha ya lesso. Wehliye aligeuka akaanza kupanga misumari ambayo ilikuwa imeshapangwa.

"Unarudi leo?"

"Mzee anataka twende tena kesho. Mbali kidogo, mpaka kisiwani. Anasema fundi akiwemo, yeye hutulia."

Mvua ilizidi juu ya mabati, ikawa vigumu kusikia. Ndindi aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Ile mishono ya tanga," alisema. "Uliiangalia?"

"Niliiangalia. Imekaa."

"Iangalie tena kabla hujapanda."